Ndege Isiyo na Viti

Kwanza ilikuwa sauti. Mngurumo wa propela mbili, wa chini, mzito kidogo upande mmoja, ukipita juu ya mabati ya mtaa wetu wa Bagira kama mtu anayeburuta kabati mbinguni. Nikainua kichwa. Sikuona kitu, ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani na kumeza hata mti wa avoka wa jirani. Nanyi mnajua kama ninavyojua: siku hizi uwanjani Kavumu hapatui ndege. Anga letu limenyamaza mpaka tunasikia kunguru wakibishana.

Msidhani kwamba natunga kwa sababu naandika riwaya. Riwaya nazitunga, na huwa nasema nimetunga. Hili lilitokea. Mama yangu yuko hai, muulizeni.

Papa, baba yangu, alikuwa konvoyeri, yule anayesafiri na mizigo ya ndege: anaipanga, anafunga mlango, kisha anakaa juu yake. Ndege yao ndogo ilikuwa ikipeleka chumvi na sabuni Shabunda, katikati ya msitu, na kurudi na mawese. Siku moja haikurudi. Msitu ule ni mkubwa; waliotafuta hawakupata hata bawa. Ndugu wakakaa kilio, wakala maharagwe yetu, na wakati wake ulipofika wakataka matanga yaondolewe kwa misa, kama ilivyo desturi. Mama akakataa.

"Nitaondoa matanga siku nitaona ndege yake," alisema. "Mpaka ile siku, mulango yangu haifungwi."

Na hakuufunga. Miaka yote hiyo tulilala bila komeo, katika mji ambao watu hufunga makomeo mawili na kuegemeza kitanda mlangoni. Wezi waliingia, wakachukua redio na godoro. Majirani walipokuja kutupa pole, Mama aliwaambia, "Angalau hawakuvunja kitu." Mimi nilikuwa nalala jicho moja wazi, nikisikiliza bawaba. Safari ijayo wangechukua nini?

Sasa mnaelewa kwa nini nilianza kutengeneza ndege.

Papa mwenyewe, kabla hajapotea, ndiye aliyeikuta katika soko la Kadutu, kati ya vitu vilivyotumika vinavyotoka Ulaya: boksi lililoliwa na panya, ndani yake vipande vya plastiki vya kuunganisha mpaka vinakuwa kindege, cha aina ile ile aliyokuwa akipanda. Alivigeuzageuza akacheka. "Angalia pua yake, fupi kama ya nguruwe. Na mulango iko ku kuume! Hii iko ndege ya bongo, haiko ya kweli." Akaahidi kwamba tungeirekebisha sisi wawili mpaka iwe kweli. Hatukuwahi. Boksi lilibaki juu ya kabati. Mama alitaka kuiona ndege yake? Vema. Ningemwonyesha.

Nilikata pua, nikairefusha kwa pete nilizochonga kutoka vikopo vya yogati. Niliziba mlango wa kulia, nikafungua mwingine kushoto. Mabaki ya plastiki niliyayeyusha katika dawa ya kuondolea rangi ya kucha, yakawa uji wa kuzibia nyufa, kisha nikapiga msasa mpaka ncha za vidole vyangu zikawa laini kama za mtoto mchanga. Antena niliivuta kutoka kwenye mrija wa kalamu: unaupasha juu ya mshumaa, unalegea, unauvuta polepole, unakuwa mwembamba kama unywele. Mwongozo wangu ulikuwa picha moja ya Papa amesimama mbele ya ndege, anakunja jicho kwa jua. Msimu mzima wa mvua niliutazama ulimwengu kupitia dirisha la ukubwa wa punje ya mahindi. Niliota mabawa. Mlango wa kindege niliuacha wazi, ngazi imeshushwa, ili Mama aone ndani: viti vilivyokuja na boksi, safu mbili, vizuri kabisa.

Jioni ile ya sauti, umeme ulikuwa umekatika na Mama alikuwa chumbani. Niliposhusha macho kutoka dirishani, mwanamke alikuwa amesimama karibu na meza yangu. Hakubisha hodi, lakini kwa mlango kama wetu, nani angebisha? Kikwembe alichojifunga kiunoni kilikuwa kinachuruzika maji, na saruji chini ya miguu yake ilikuwa kavu. Alinuka mawese na mafuta ya ndege. Mikononi mwake, mpaka kwenye shavu, ngozi ilikuwa na mistari iliyopishana, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi kutoka juu ya gunia. Mnazijua alama zile? Hufutika upesi. Zake hazikufutika.

Sikuogopa, na hilo ndilo linalonitisha leo. Nilikuwa kama mtu aliye kati ya usingizi na kuamka, asiyetaka kwenda upande wowote.

"Karibu, maman," nikasema.

"Asante, mutoto. Natoka Nyangezi, lakini iko zamani." Akainama, akachungulia ndani ya kindege, akacheka kwa pua. "Viti? Tulikuwa baministre, watu bakubwa ya serikali?"

"Vilikuja ndani ya boksi. Madirisha ni madogo, maman. Nani ataviona?"

"Siye tulikuwa tunaona. Toa."

Niaminini, sikuuliza hao "siye" ni nani. Nilichukua kibano nikang'oa viti kimoja kimoja. Akanielekeza nipange nini na wapi: mifuko ya chumvi mbele, sabuni katikati, kikapu cha kuku nyuma. Nilivifinyanga kwa ule uji wa plastiki, navyo vikakauka upesi kuliko siku yoyote.

"Miye hapa," akasema, akionyesha nafasi ndogo karibu na mlango. "Papa yako hapa, juu ya mufuko yangu. Na mulango umeiacha wazi juu ya nini? Ndege hairukake na mulango wazi. Aliifunga yeye mwenyewe, akaikaza na kamba ya buluu. Kisha akaanza kunichokoza."

"Alikuambia nini?"

Swali halikuwa langu. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba.

Mgeni hakugeuka. "Alisema: maman, kaa katikati, nyumba itateremuka mu ziwa. Nikamuuliza, nyumba gani?"

Mama akasogea mpaka mezani. Nyumba yetu iko kwenye mteremko unaoliwa na mvua kila mwaka, na kila Mama alipokaa ukingoni mwa kiti, Papa alimtania kwa maneno hayo hayo. Alimtania hivyo tukiwa sisi watatu tu, ndani ya nyumba.

"Aliogopa?" Mama akauliza.

"Aogope nini? Ukungu ilikuwa muzuri. Tulilala wote, yeye kichwa juu ya kikapu ya kuku. Alikuwa anakoroma, kuku zikashindwa kulala."

"Basi ni yeye," Mama akasema.

Nikapandisha ngazi, nikaufunga mlango mdogo kwa uzi wa buluu. Uliingia mahali pake bila gundi.

Kabla sijawaambia alivyoondoka, niwaambie yaliyofuata. Misa ilisomwa na matanga yakaondolewa, kindege kikiwa mezani kando ya mshumaa. Wajomba walisema ni mambo ya kitoto, kisha mmoja mmoja wakaja kuchungulia dirishani. Nilishuka Nyangezi, nikauliza habari za mwanamke mchuuzi aliyepotea na ndege ile. Nikaonyeshwa binti yake, akiuza ndizi kando ya barabara, sura ni ile ile. Nilimweleza yote. Hakunibishia. Aliuliza neno moja tu: "Alikuwa na baridi?"

Nikasema alikuwa amelowa. Akaingia ndani, akaniletea kikwembe kikavu. Nimekikunja, na kindege kinakaa juu yake. Ukungu ukipanda kutoka ziwani, madirisha yake hushika mvuke kwa ndani, kama yanavyoshika palipo na watu wanaopumua.

Kwa hiyo nawe unayetengeneza vitu vya waliokwenda, uwe unatumia plastiki au maneno, acha kosa moja. Acha dirisha lisilo mahali pake, pua iwe fupi kidogo. Ukikifikisha kitu kwenye ukweli wake wote, wenyewe watakuja kukikagua, na si wote watakaokuja wakicheka.

Mgeni aliposimama kuondoka, Mama alijitupia kitenge begani amsindikize mpaka barabarani. Kwetu mgeni haachwi atoke peke yake. Yule mwanamke akamzuia kwa kiganja.

"Usinisindikize. Ukinisindikiza, utafika. Weye funga tu."

"Umwambie nimefunga," Mama akasema.

Akaingia ukunguni. Sikusikia hatua. Mama alisimama kizingitini mpaka ukungu ukawa ukungu tu, kisha akausukuma mlango. Komeo lilikuwa limeshika kutu. Alilipiga kwa kiganja, akalipiga tena, mpaka likaingia.