Sukari Iliyorudishwa

Sijawahi kurudishiwa kitu nilichotoa. Nimetoa majogoo kwa wagonjwa, nimetoa mbao za majeneza bila kudai, nimepeleka magunia ya mahindi kwenye misiba ya watu ambao hata sura zao sizikumbuki. Hakuna aliyenirudishia. Kwa hiyo asubuhi ile, mke wa fundi wangu alipoingia karakanani kwangu hapa Mjimwema na kuweka kilo tano za sukari juu ya meza, mbele ya mafundi wote, damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Shikamoo, baba," akasema.

Sikuitikia. Mimi, ambaye huitikia hata shikamoo ya mlevi.

"Sukari yako hii hapa. Mchele tumeshakula, na kuku naye hivyo hivyo. Utatusamehe."

Mashine zilikuwa zimezimwa. Mafundi walikuwa wanatazama viatu vyao.

Wiki tano kabla ya siku hiyo mume wake alikuwa anapasua mbao za fremu za milango. Msumeno wa duara ukamchukua vidole viwili vya mkono wa kushoto. Ni fundi mtu mzima, ana watoto wanne, tumefanya kazi pamoja miaka kumi na moja na sijawahi kumwona amelewa kazini. Msumeno ule haukuwa na kifuniko. Kifuniko ninacho, kilikuja na mashine. Nilikifungua kwa spana yangu mwenyewe siku ya pili baada ya kuinunua, kwa sababu kilikuwa kinachelewesha kazi. Tangu hapo nilikuwa nakitumia kuwekea misumari.

Nilimpakia kwenye bajaji, kitambaa kimelowa damu, nikampeleka hospitali. Nilimlipia matibabu yote. Nesi akauliza, "Ameumia wapi?" Fundi alikuwa hawezi kusema. Mimi nikajibu haraka, kama mtu aliyefundishwa: "Nyumbani kwake. Alikuwa anachanja kuni." Nesi akaandika.

Jumapili baada ya ibada tukaenda na jumuiya kumwombea. Nikapeleka sukari, mchele na kuku mkubwa. Watu wakasema, tajiri wa namna hii ni wachache. Mimi nikarudi nyumbani nimejaa, najua nimemaliza. Huku kwetu ndivyo tunavyomaliza mambo: tajiri akishaleta pole, akakaa kwenye kigoda, akala ugali wa mgonjwa, basi. Anayesema tena baada ya hapo anaonekana hana adabu.

Mwisho wa mwezi ukafika, nikalipa waliofanya kazi. Yeye hakufanya kazi, sikumlipa. Sikuona kama kuna la kufikiri.

Ndipo akaja huyu mama na sukari yake.

"Umenitukana," nikamwambia. "Mbele ya watu wangu."

"Sijakutukana, baba. Pole ya mgonjwa tulipokea tukashukuru. Lakini nilipouliza mshahara, karani wako akasema, 'Si mlishapewa sukari?' Nikaona kumbe sukari hii ndiyo mshahara. Sasa hii si pole, na kama ni mshahara haitoshi. Ndiyo nimeirudisha."

"Mumeo yuko kitandani! Nimlipe kwa kazi gani?"

"Kitandani alijilaza? Vidole vyake viko wapi, baba? Si vilibaki humu ndani?"

Fundi mmoja akakohoa. Nikamtolea macho, akaacha kukohoa.

Hapo nikamtolea yule mama hadithi yangu. Kila anayefanya kazi kwangu anaijua. Mimi nimetoka Lusewa na darasa la nne na kaptula moja. Nikapata kazi ya kubeba magogo kwa mwenye mbao mmoja, marehemu sasa. Siku moja gogo likaniviringikia likavunja mguu. Nikalala nyumbani miezi minne bila senti moja. Nikapona nikarudi kubeba magogo, na leo nina karakana na nyumba mbili. "Miezi minne!" nikamwambia. "Sikupewa mshahara, na sikufa! Nyie wa siku hizi vidole viwili tu mnataka mlipwe mkilala!"

Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha. Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia:

"Hiyo miezi minne, baba, ulikuwa unakula nini?"

Nikamfukuza.

Ndiyo, nilimfukuza. Nilimwambia atoke karakanani kwangu, na sukari ikabaki pale pale mezani. Akasema, "Haya, baba, kazi njema," akaenda zake, mimi nikabaki nawapigia kelele mafundi kwa makosa ambayo hawakufanya.

Nilikuwa najua nilichokula. Nilikula dagaa na ugali wa mikono ya mke wangu, ambaye alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili, na kila siku alfajiri alikwenda kulima kibarua kwenye mashamba ya tumbaku ya watu. Alirudi mikono inanuka tumbaku, miguu imevimba, ananipikia kwanza mimi. Katika hadithi yangu ya miaka yote hiyo hayumo. Nimesimulia mguu, nimesimulia gogo, nimejisifu kwamba sikufa. Yule aliyefanya nisife sijamtaja hata mara moja, na amekuwa anakaa pembeni akisikia.

Na pale kwa yule mwenye mbao, unajua aliniambia nini siku ile nalia chini na mfupa umetoka? "Ukifika hospitali sema umeumia kwako unakata kuni. Ukisema kazini watafunga, na wenzako watakula nini?" Nikasema hivyo. Baadaye akatuma kilo mbili za sukari na kanga, na mimi mjinga nikamwombea baraka. Nimetembea na uongo wake kinywani maisha yangu yote, nikautoa ukiwa mzima mbele ya nesi.

Hasira niliyokuwa nayo kwa yule mama ikahama. Nilimkasirikia marehemu, na marehemu hajibu. Ikanirudia mwenyewe.

Mkwe wangu ni mtumishi wa serikali, mtu wa mkoa mwingine, mpole kupita kiasi. Nikamwita. Akasema, "Baba, aliyeumia kazini mshahara wake haukatiki kwa sababu ameumia. Halafu wewe mwajiri ulitakiwa uwe umejiandikisha kwenye mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na utoe taarifa ya ajali. Umefanya?"

"Mimi nilijenga karakana hii bila makaratasi yenu!"

"Sawa, baba. Lakini umefanya?"

Sikuwa nimefanya. Tukaenda pamoja. Kwanza hospitali, nikasema pale dirishani kwamba nilidanganya, mtu aliumia kwangu, kwenye mashine yangu isiyo na kifuniko. Halafu kwenye ofisi zinazohusika. Huko binti mdogo kuliko mjukuu wangu alinisema kama anamsema mtoto aliyevunja chungu. Nilitaka kuondoka mara tatu. Mkwe wangu alikuwa ananishika mkono wa koti.

Wenzangu wenye mashine waliposikia baadaye walicheka. Mmoja akaniambia sokoni, "Mzee, umeanza kulipa watu waliolala? Utatuharibia wafanyakazi."

"Walipe na wewe wako," nikamjibu, "au unionyeshe kifuniko cha msumeno wako, kama kipo." Akapiga mluzi, akaenda zake. Anajua, na mimi najua, kwamba na chake kina misumari.

Jioni ya siku ile tuliyotoka ofisini nikaenda kwa fundi na mshahara wa mwezi mzima kwenye bahasha. Nilikuwa bado nimekasirika, sitaki kudanganya. Fundi alijaribu kuinuka kwenye kiti, mkono umefungwa bandeji kubwa kama boga. Nikamwambia akae. Mkewe akapokea bahasha, akaifungua hapo hapo, akahesabu. Polepole. Noti moja moja, mbele ya macho yangu, mimi mzee wa jumuiya! Alipomaliza, akahesabu tena.

"Zimetimia," akasema. "Na mwezi ujao?"

"Na mwezi ujao. Mpaka daktari aseme anaweza kazi."

"Asante, baba." Akaikunja bahasha, akaitia kwenye pindo la kanga. "Sasa ile sukari unaweza kuileta. Mgonjwa anapenda chai."

Fundi akaangalia ukutani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Nikasimama, nikavaa kofia, nikarudi karakanani kwa miguu, natukana njia nzima. Sukari ilikuwa pale pale juu ya meza, hakuna aliyethubutu kuigusa. Nikamwaga misumari iliyokuwa kwenye kifuniko, nikakiweka juu ya mashine ili asubuhi nikifunge. Kisha nikabeba sukari kwapani, nikaipeleka.