Presha za Wakamwana wa Ruanda

"Binti, umempima mkamwana wangu moyo, au umempima aibu uliyomtia?"

Swali hilo niliulizwa na Mzee Kibona mbele ya kitongoji kizima, kishikwambi mkono mmoja, punje za kahawa zimejaa kwenye nywele, na mimi, msomi wa digrii, mtu ambaye chuoni walinichoka kwa kuuliza maswali, nikajifanya nabonyeza kishikwambi. Naona haya kuisimulia, lakini hasira yangu ni kubwa kuliko haya, kwa hiyo sikilizeni.

Nilikuwa nimepata kibarua kwenye utafiti wa magonjwa ya moyo. Walitaka kujua kati ya Wanyiha, Wanamwanga, Wandali, Walambya na Wasafwa, ni kina nani presha inawasumbua zaidi. Siku ya kwanza ya semina nikamuuliza msimamizi wetu (kaka mmoja kutoka Dar, mpole mpaka umpinge): mtu kama mimi, baba Mnamwanga wa Tunduma, mama Mnyiha, bibi mzaa baba Mbemba yuko ng'ambo ya mpaka, Nakonde, moyo wangu mnauandika kabila gani? Akasema, "Dada Happy, chagua moja, fomu haikubali mawili." Nikachagua, nimenuna, na nilienda kijiji cha Ruanda, si mbali na Vwawa, bado nimenuna, na mimi nikinuna nakuwa na haraka.

Tulipimia kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, siku ya kitongoji cha Wandali ambao babu zao walihamia kutoka milima ya Ileje. Mashine ya presha moja, benchi moja, watu kibao. Kwa kuwa kishikwambi kinafungua kaya moja moja, nikaamua watu wakae benchi kwa kaya, baba, mama, watoto wa kiume na wake zao, wote pamoja, ili tumalize mapema. Uamuzi wenyewe ndio huo tu.

Mama Neema, mhudumu wa afya wa kijiji, akaninong'oneza, "Mwanangu, wakamwana usiwaweke na baba wakwe zao. Sisi Wandali mkamwana hamtazami baba mkwe, hata njiani anampisha vichakani. Pima wazee asubuhi, wao mchana."

"Mama, mpaka leo? Watu wana simu za kugusa, bado mnakimbiana vichakani?"

"Simu haijaolewa kwa mtu," akajibu.

Mzee Kibona akakaa, nikamfunga kile kitambaa cha mashine mkononi. Mkamwana wake, Atupele, alikuwa amesimama mbali, amejifunika kitenge mpaka puani, ametupa mgongo. Nikaona ni jeuri. Nikachukua kipaza sauti (kipaza sauti, jamani, kwa mtu aliye hatua kumi) nikatangaza, "Atupele, njoo ukae hapa pembeni ya baba!" Hakuja. Nikamfuata, nikamshika mkono, nikamburuta, njia nzima namhubiria haki za wanawake, yeye anasema kwa sauti ndogo, "Dada niache, dada tafadhali niache." Mzee alipoona mkamwana analetwa ubavuni mwake akaruka kama aliyekalia makaa, akatimua mbio nyuma ya ofisi na kitambaa bado mkononi, mashine ikimfuata kwa mpira wake, inadunda kwenye mawe, na Atupele naye akachomoka upande wa pili, mimi nimemng'ang'ania, tukakivaa kichanja cha kuanikia kahawa ya mwenyekiti wa kitongoji, kikavunjika, kahawa yote topeni, na mimi juu ya kahawa, gauni limefika kichwani.

Wanaume walicheka. Wanawake hawakucheka.

"Ndiyo shule yenyewe hiyo!" mama mmoja akapaza sauti.

"Mwanikeni na yeye hapohapo akauke!" akadakia mwingine.

Msimamizi hakujali mila wala kahawa, alijali idadi. Mashine ilikuwa bado inafanya kazi. Wakamwana sita, Atupele akiwemo, wakaletwa mmoja mmoja, wakwe zao wako hatua chache, wanatetemeka, nami nikawapima bila kuwaacha watulie kwanza kama tulivyofundishwa. Presha juu, wote sita. Msimamizi akakamata kipaza sauti: "Ndugu zangu Wandali, damu yenu ina shida ya presha, hasa kinamama vijana." Watu wakatazamana. Ndipo Mzee Kibona akauliza swali lake, amesimama kwenye kona ya ofisi, amewapa wakamwana kisogo.

Ndani ya gari nililipuka. "Kaka, umewatukana watu kabila zima kwa kosa letu!"

"Namba ni namba, Happy."

"Namba ya nini? Ya mtu niliyemburuta?"

Akaweka visikizi masikioni. Basi kabla hatujafika Vwawa nikawa nimezifuta zote sita, sababu nikaandika: hitilafu ya upimaji. Utaratibu ulikuwa kwamba mwenye presha ya juu anapimwa tena kesho yake, na ikibaki juu anapewa barua ya hospitali. Kufuta namba ni kufuta na jina kwenye orodha ya kesho. Nilijua. Ningeweza kurudi mwenyewe, nikaomba radhi, nikawapima kwa utulivu nyumbani kwa Mama Neema. Sikurudi, kwa sababu ya lile gauni. Nikajiambia nimewaokoa Wandali na uzushi, na Tunduma nikawasimulia wenzangu hivyo, nikapigiwa makofi.

Nimeapa sitamkalisha tena mtu benchi kabla sijamuuliza anaweza kukaa na nani. Fomu ya kabila bado naipinga, na yule kaka bado sijamsamehe.

Mwaka uliofuata nilikutana na Mama Neema stendi ya Vwawa, akaniambia habari ambayo hakuna aliyekuwa amenipa. Miezi mitatu baada ya sisi kuondoka, Atupele alipelekwa hospitali miguu imevimba, hawezi kulala chali, moyo umetanuka. Muuguzi alimpima akiwa peke yake chumbani, ametulia, hakuna mkwe karibu, na presha ilikuwa ileile niliyoifuta.