Chuma Changu Kwenye Mguu wa Askari

Sitaki mtu aniambie kwamba hayo yamepita. Mimi ni fundi wa nguo, na kifundo cha mguu wangu wa kulia hakikunjiki. Kila nikiitazama pedali ya cherehani nakasirika upya.

Nilivunjika kwenye ngazi za mawe za Mutsamudu, mji wa kisiwa chetu, nikipeleka gauni la bibi harusi. Mvua ilikuwa imenyesha, nikateleza. Gauni halikuguswa na tope. Mimi ndiye niliyeharibika. Nikapandishwa ndege ndogo hadi Moroni, mji mkuu, kwa daktari wa upasuaji. Akasema mfupa umevunjika pande mbili, plasta peke yake haitaushika, unataka chuma na skrubu, na wao hawana.

"Ukikipata ndani ya wiki mbili, utakanyaga cherehani yako kama zamani," aliniambia.

Kaka yangu alikuwa akifanya kazi bandarini Marseille. Mama yangu mdogo, anayekaa mtaa wa Badjanani huko Moroni, akaenda posta kumpigia simu. Siku ya kumi na moja msafiri akaleta kifurushi: kipande cha chuma chenye matundu sita, kirefu kama kidole changu cha kati, pamoja na skrubu zake. Mama mdogo akakifunga ndani ya leso, akakipeleka hospitali mwenyewe, akasimama pale mpaka wakaandika jina langu juu yake. Nikapangiwa Jumatatu asubuhi.

Jumatatu sikula wala kunywa. Saa tatu kimya, saa nne kimya. Saa sita akaja muuguzi, macho chini.

"Dada, kula tu. Leo hupasuliwi."

"Kwa nini?"

"Kaletwa mzungu, mmoja wa wale mamluki. Karuka kutoka kwenye gari lao, kifundo kimevunjika."

"Basi nitafuata baada yake."

Akatikisa kichwa. "Dada, wametumia chuma chako."

Wametumia! Kama watu walioazima chumvi kwa jirani! Daktari alikuja jioni akasema wenzake yule mzungu, wenye bunduki, walisimama mlangoni, angefanyaje. Namwamini, na bado namlaumu. Mamluki walikuwa wametupindulia serikali, wakakaa, wakaamuru. Sikujua kwamba hata mifupa yetu lazima ingoje nyuma ya yao. Mama mdogo alipiga kelele mpaka wakamtoa nje. Mimi nikafungwa plasta, na mfupa ukaunga kombo.

Miezi baadaye, mzungu mmoja aliingia dukani kwangu Mutsamudu na suruali mbili za sare, akitaka nizipinde miguu. Alikuwa amevaa kaptura. Kando ya kifundo chake kulikuwa na kovu jipya, refu kidogo kuliko kidole changu cha kati. Nikamuuliza kwa Kifaransa alipasuliwa wapi.

"Moroni," akasema, akicheka. "Mna daktari mzuri. Natembea kana kwamba sikuumia."

Hakujua, au hakuwahi kuuliza. Nilikuwa na mkasi mkononi. Nilitaka kumtupia suruali zake usoni. Badala yake nikasema, "Njoo Alhamisi," na hilo sijajisamehe.

Nilizipinda zote mbili kwa sindano ya mkono, kwa sababu mguu wangu haukuweza kukanyaga pedali. Alhamisi akavaa moja, akasimama wima mbele ya kioo changu. Ikabidi nipige magoti, kwa maumivu, kuangalia kama upindo umelingana. Chuma changu kilikuwa pale, mbele ya macho yangu, chini ya ngozi yake.