Posa Iliyofungwa kwa Majani ya Mgomba

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa kwetu, juu kidogo ya mji wa Embu, ambako watu hulima kahawa na majani chai. Kuhusu muguka, majani ya kutafuna yanayolewesha kama miraa, hakuwa na mjadala. Mdogo wake, baba mdogo tuliyempenda kwa vichekesho vyake, aliacha kazi ya udereva akawa anashinda vibandani akitafuna, mpaka mke wake akachukua watoto akarudi kwao. Tangu hapo, kila tawi linalotafunwa, liwe limetoka Mbeere au Meru, baba aliliona lina uso wa mdogo wake.

Mimi nilimpata mchumba chuoni pale Embu, kijana wa Laare, huko Meru. Kwao miraa ndiyo iliyojenga nyumba na kumsomesha. Baba alilijua hilo, akakubali kwa shingo upande kwamba wazee wao waje.

Walikuja Jumamosi pamoja na mchumba wangu, wanaume peke yao, wamevaa makoti ijapokuwa jua lilikuwa kali. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa mchumba wangu, mzee mrefu mwenye sauti ya chini. Mama aliwakaribisha chai na chapati. Wakashukuru, lakini hakuna aliyegusa kikombe. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa chai kabla hajaulizwa lililomleta, na anayeikataa anaonekana ana kinyongo. Mama alirudi jikoni akaniuliza kama watu wa kwa mchumba wangu wanaogopa kuwekewa sumu.

Kisha yule mzee akachukua kitu walichokuwa wamekilaza kando, kirefu, kimefungwa kwa majani ya mgomba na kukazwa kwa kamba za migomba. Akainuka, akamnyooshea baba kwa mikono miwili. Baba alipouliza ni nini, akajibiwa kwamba ni miraa.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Baba hakuinua mkono. Aliutazama ule mzigo, akasema anaomba radhi kidogo, akatoka nje. Mzee wa Laare alibaki amesimama, mikono imenyooshwa, halafu taratibu akaketi. Wenzake wakasemezana kwa Kimeru. Lugha zetu zinakaribiana, kwa hiyo nilielewa kwamba walikuwa wanauliza kama waondoke sasa au wangoje wafukuzwe.

Nilirudi jikoni, mchumba wangu akanifuata, uso umemwiva. Akaniambia kwamba kwao huo mzigo ndio posa yenyewe. Hauletwi ovyo, miti ya kukatwa huchaguliwa, na baba wa msichana akiupokea, amekubali mazungumzo. Akiukataa, amemkataa kijana. Ndiyo maana hawakuweza kunywa chai kabla haujapokelewa. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Alidhani kila mtu anajua.

Nilimkuta baba nyuma ya nyumba, katikati ya mikahawa, akivunja vijiti vikavu na kuvitupa. Hakuwa na hasira kama nilivyotarajia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Wameniletea kitu kilichommaliza mdogo wangu," alisema, "halafu wanakitoa kwa mikono miwili, kama zawadi."

Nikamweleza niliyoelezwa. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza kama wale wazee walikuwa bado ndani. Nikamwambia wapo, na hawajagusa chai.

Aliporudi sebuleni hakuketi. Aliwasimulia habari za mdogo wake, zote, mambo ambayo hatukuwahi kumsikia akiyasema mbele ya wageni. Wazee wakainamisha vichwa. Kisha akamwendea msemaji wao.

"Kama hii kwenu ni heshima, naipokea," alisema. "Lakini haitatafunwa ndani ya nyumba hii."

Yule mzee aliwageukia wenzake. Kwao ikishapokelewa hugawanywa hapo hapo, na nadhani kuomba isigawanywe ni kama kuomba harusi bila chakula. Mwishowe akasema, "Ni sawa. Sisi tulitaka mkono wako tu."

Baba akaupokea mzigo, akaubeba mwenyewe hadi barazani. Jioni jirani mmoja aliomba apewe, baba akamkatalia. Sijui aliupeleka wapi. Chai ya wageni ilikuwa imepoa, mama akapika nyingine, na hiyo wazee wakainywa mpaka birika likaisha.

Sisemi kwamba yaliisha siku hiyo. Nilipoolewa, wanawake wa Laare waliniuliza kwa upole kwa nini baba yangu alimwacha mzee amesimama na mzigo mikononi. Wengine wangali wanaamini watu wa Embu hujiona. Mama naye, kabla hawajaja kwetu, huwapigia simu wakwe zangu akiwaambia mapema kuwa chai itakuwepo, wajipange.

Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, baba alikuja Laare. Yule msemaji alimzungusha shambani, akamwonyesha miti ya miraa iliyopandwa na babu yake mzee huyo. Nilikuwa nyuma yao na mtoto mgongoni. Baba aligusa gome, akauliza habari za kupogoa na za mvua, kama mkulima wa kahawa anavyouliza. Hakuchuma hata jani.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Huko akasema, "Hicho kitu bado sikipendi. Lakini yule mzee nampenda."

Akaniomba nimfunike mtoto vizuri, maana upepo wa milima ya Nyambene ulikuwa umeanza.