Shitanda na Picha Namba Mbili

Shitanda wa Kaloleni alikuwa mpiga picha kwa miaka thelathini na minane, na aliyemuuliza maoni yake kuhusu kamera za dijitali aliyapata. Asiyemuuliza aliyapata pia. "Dijitali inapiga nguo," alikuwa akisema, huku akipangusa lenzi ya kamera yake ya filamu. "Filamu inapiga mtu." Maneno hayo yalimpendeza mno, ingawa mwenyewe hukiri kwamba maana yake haijui hadi leo.

Mwaka jana kwaya ya kanisa lao ilitimiza miaka arobaini. Maurine, mpiga picha kutoka Buruburu, naye akaalikwa na dijitali yake. Shitanda akaona siku yake imefika. Akapendekeza kila mmoja aipige kwaya picha ukumbini mwa kanisa, picha zitolewe kwa ukubwa mmoja, zitundikwe bila majina.

"Sawa tu, mzee," Maurine akasema. "Na nani ataamua?"

"Macho, binti yangu. Macho yataamua."

Shiundu, kiongozi wa kwaya, ndiye aliyezifuata picha mjini zilipokuwa tayari, na ni yeye peke yake aliyejua ipi ni ya nani. Jumapili iliyofuata akamkaribisha Shitanda atoe neno la kwanza. Shitanda alikuja na kioo cha kukuzia. Akakaa sana mbele ya picha zile, watu wakisubiri chai.

"Namba mbili," akatangaza. "Oneni weupe wa kanzu, hadi mikunjo inahesabika. Oneni ngozi ya mwimbaji wetu Awiti ilivyo hai. Hii ni filamu! Namba moja ina chembechembe kama uji usiochujwa, na waliosimama nyuma wamezama gizani. Maurine, usivunjike moyo, bado unajifunza."

Shiundu akakohoa. "Mzee, namba mbili ni ya Maurine."

Awiti ndiye aliyeangua kicheko kwanza, kisha ukumbi mzima. Masikio ya Shitanda yakawaka moto. Alishafungua kinywa kuwalaumu waliosafisha filamu yake, lakini akamwona mkewe, Khalayi, ameinamia benchi akijifuta machozi ya kicheko, naye akashindwa kujizuia.

"Basi huo uji ni wangu," akasema.

Maurine akamsogelea. "Lakini mzee, tazama dirisha. Kwangu ni weupe mtupu. Kwako mti wa nje unaonekana jani kwa jani."

Shitanda akachukua kioo, akainama. Kweli, mti ulikuwapo. Katika shindano lote alikuwa ameshinda kwa jambo moja tu, na hilo hakuliona.

Wanakwaya wote waliagiza namba mbili. Khalayi aliitundika sebuleni, juu ya televisheni. Mgeni akiisifu, Shitanda huwahi kusimulia kisa hiki mwenyewe, kwa sababu Khalayi akikisimulia yeye, kile kioo cha kukuzia huwa vioo viwili.