Kijumba cha Mizimu Nilichomchomea Mama

Msomaji wetu ameomba jina lake lisitajwe. Msomeni kwa upole.

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi ni mzee wa miaka 89, naishi Geita, ni mzee wa kanisa. Mjukuu wangu ananiandikia haya, naona aibu hata kumtazama.

Miaka ya hamsini nilikuwa kibarua mgodini, nimeokoka juzi tu. Likizo moja nikarudi kwetu Shinyanga na wenzangu wa kwaya. Uani mama alikuwa na kijumba cha nyasi cha masamva, mizimu ya ukoo. Kila asubuhi aliwanyunyizia unga akiwataja majina. Nikamwambia hiyo ni sanamu, inachomwa leo leo. Hakubisha, alisema tu, "Mwanangu, ngoja kwanza niwaage."

Nikaogopa wenzangu wataniona mlegevu. Nikawasha kiberiti naye bado amepiga magoti. Wao wakaimba. Mama akakusanya unga wake kwenye upindo wa kaniki, akaingia ndani. Hakunilaumu hata siku moja, ila kanisani hakukanyaga mpaka tulipomzika.

Na mimi habari ile nimeihubiri miaka yote kama ushindi. Mwaka huu nikiwa mgonjwa nikasomewa tena habari ya ndama wa dhahabu. Wale watu kule jangwani hawakuwa na haja ya ng'ombe. Musa alichelewa mlimani, mioyo ikashindwa kungoja, wakajitengenezea kitu cha kushangilia. Nikaelewa kwamba sanamu ni hali ya moyo kabla haijawa mti au dhahabu. Mama pale alikuwa anawakumbuka watu wake. Aliyesujudu ni mimi, na niliyemsujudia ni mimi yule yule, kijana aliyeokoka, anayetazamwa na wenzake. Nimemwabudu huyo zaidi ya miaka sitini. Naona haya, jamani.

Jumapili ijayo kanisa litanivika mgolole wa heshima, na mchungaji anataka niwasimulie vijana habari ya kile kijumba. Dada yangu, Mama Kulwa, aliyekuwepo siku ile, atakuja. Nilipomwambia nataka kuungama mbele ya watu, alisema, "Ungama, kaka. Ila jichunguze, usije ukaungama ili wakushangilie tena."

Tangu hapo sina amani. Nikisema ukweli, najua nitausikia utamu wa kusifiwa mnyenyekevu. Nikinyamaza, nitavikwa mgolole kwa machozi ya mama. Ndugu zangu, nipeni mawazo, nifanyeje?