Herufi Zilizotoweka Chini ya Tai

Jamani, sikieni ya leo. Nafanya kazi kwenye duka la sarafu za kale huku Gaithersburg, Marekani. Asubuhi, kwenye sarafu ya fedha ya Urusi, niliziona herufi za kiwanda kilichoitengeneza, chini ya kucha za tai aliyechorwa juu yake. Baada ya chakula cha mchana nikaipapasa tena, nikatazama: herufi hazipo!

Imebadilishwa, nami nitafungwa! Kwa woga nikamwambia bosi, "Muulize Zuhura, alikuwa karibu." Zuhura, mwenzangu kazini, akaangua kilio.

Bosi akachukua lenzi na kijiti cha meno, akachokoa taratibu. Kitu cheupe kikabanduka, herufi zikajitokeza moja moja. Akauliza kile kitu cheupe ni nini.

Zuhura akafuta machozi, akavitazama vidole vyangu. "Mwambie, dada. Mwambie tulikula ugali."